Kikao cha Koo Kavu

Nani kati yenu amewahi kunyoosha mkono kwa sababu tu mikono ya wenzake ilikuwa juu?

Usimtazame jirani yako. Nimekuuliza wewe. Na wewe baba uliyeegemea mlango, nawe pia, maana naona watoto ndio walioinamisha vichwa, wakubwa wanatabasamu.

Haya, msijibu. Nitasema paukwa, nanyi mtaitika pakawa. Mtaitika wote kwa mpigo mmoja, hata yule asiyetaka hadithi, hata yule ambaye mawazo yake yako kwenye chungu alichokiacha jikoni. Paukwa.

Pakawa.

Mmeona? Hamkuulizana hata kidogo.

Basi zamani, zamani ile ambayo kila mtu huisifu kwa sababu hakuwapo, kulikuwa na bwawa liitwalo Mavumo. Halikuwa bwawa kubwa. Maji yake yalikuwa matamu, na upande mmoja lilishikwa na ukingo wa udongo mwekundu. Wanyama wote wa mbuga ile walikunywa hapo. Hapakuwa na maji mengine karibu.

Wanyama hao walikuwa na mila yao. Likitokea jambo la wote, walikusanyika asubuhi, kabla yeyote hajanywa. Kuanzia hapo hakuna anayenywa. Nyati hanywi. Swala hanywi. Panya hanywi. Wanakaa, wanasema, wanasikilizana, mpaka neno liwe moja. Mwenyekiti anauliza, "Neno ni moja?" Anayekubali anasema, "Ni moja." Asiyekubali anasema, "Bado." Na bado ikiwa ni moja tu, hata ikitoka kwa panya, kikao kinaendelea na makoo yanaendelea kukauka.

Mila hii ilitungwa na wazee wenye akili. Mwili mkubwa una kiu kubwa. Jua likipanda, anayeanza kuyumba ni Nyati, siyo Nungunungu. Kwa hiyo mkubwa alilazimika kumsikiliza mdogo, apende asipende. Babu yake Nyati aliwahi kutaka njia ya Nungunungu iwe yake peke yake. Nungunungu akasema bado. Akaombwa, bado. Akatishwa, bado. Jua lilipofika utosini babu akaanguka magoti, puu, akasema chukua njia yako, mjukuu wangu, mimi naomba maji. Wakacheka, wakanywa, wakatawanyika. Hakuna aliyeweka kinyongo.

Mila ilikuwa nzuri. Nalisema hilo mapema, ili baadaye asije mtu kunishika kanzu akaniambia nadharau vya kwetu.

Sasa, juu ya bwawa lile, kwenye mti mkavu, aliishi Hondohondo. Mnamjua Hondohondo, mdomo mkubwa, shingo nyembamba. Huyu alikuwa ameruka mpaka mabwawa ya mbali na akarudi na maneno marefu. Alipenda kuwaeleza wanyama jinsi wao walivyo wanyama. Aliwaambia kwamba kule mlimani nyani hupiga kura. Huhesabu vichwa, vichwa vingi vikashinda, vichwa vichache vikaenda kununa. Sisi, akasema Hondohondo, hatuhesabu vichwa. Sisi tunaunganisha mioyo. Mimi nipo kwa sababu ninyi mpo. Wanyama walisikia raha. Ni raha kuambiwa u mwema bila kufanya lolote.

Na mwenyekiti wa kikao alikuwa Nyati, mjukuu wa yule babu. Alikuwa na ngozi pana, na juu ya ngozi kulikuwa na kupe na inzi. Inzi, zzz, zzz, mchana kutwa. Alitaka matope. Akatazama bwawa, akatazama ukingo, akatazama uwanda uliokuwa chini ya ukingo. Ukingo ukibomolewa, akawaza, maji yatateremka uwandani, na matope yatakuwa kifuani kwangu na kwa ndugu zangu wote.

Tatizo lilikuwa moja. Ndani ya ukingo aliishi Bi Ngiri.

Bi Ngiri alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wachanga, ambao mikia yao ilisimama wima kama vijiti wakikimbia. Akirudi jioni, watoto waliingia kwanza, naye aliingia kinyumenyume, meno yake yakaelekea mlangoni. Fisi alipita, akanusa, akaona meno, akaenda zake. Kila jioni ilikuwa hivyo. Nyumba ile ndiyo iliyowaweka hai watoto wale, na Bi Ngiri hakuwa na nyingine. Ardhi yote iliyobaki ilikuwa mwamba na mchanga.

Kikao kikaitwa.

Wakakaa asubuhi, koo kavu. Nyati akaeleza shida ya inzi kwa upole sana. Hakusema matope yangu. Alisema matope yetu. Alisema kwamba hata swala watapata majani mabichi uwandani, hata ndege watapata wadudu. Na katika hilo hakudanganya. Akauliza, "Neno ni moja?"

"Bado," akasema Bi Ngiri.

"Bado," akasema Kanga.

Nasema Kanga ndege, siyo ile ya kujifunga kiunoni. Kanga huyu alikuwa shoga yake Bi Ngiri. Bi Ngiri akifukua mizizi, Kanga aliokota wadudu waliotoka. Vifaranga wa huyu walicheza na watoto wa yule. Kwa hiyo Kanga alisema bado bila kufikiri, kama unavyomshika mtoto anayetaka kuanguka.

Jua likapanda. Nyati akaomba ruhusa aende nyuma ya kichaka kujisaidia. Akaenda. Akarudi anang'aa. Kidogo tena, ndugu yake akaenda kujisaidia. Kidogo tena, Nyati mwenyewe. Wanyama wakaanza kunong'ona kwamba akina Nyati wana matumbo mabovu, maskini, na bado wanavumilia kikao kwa ajili yetu.

Nyuma ya kichaka kile kulikuwa na matikiti pori. Akina Nyati walikuwa wameyakusanya jana yake, wakayafunika kwa majani. Kacha, kacha, kacha. Maji yalimiminika mpaka kidevuni. Na ukiwauliza, jibu lilikuwa tayari. Mila inakataza kunywa. Ni nani amewahi kusikia mila inakataza kula? Wale wazee walioitunga hawakulikataza hilo, kwa kuwa hawakuwahi kumwaza mwenzao mwenye uso mkavu kiasi hicho.

Kanga alifuata panzi, akatokea nyuma ya kichaka. Akawaona.

Nyati hakushtuka. Akamwita shemeji. Akasema, karibu shemeji, jua kali leo, na akasukuma kipande kwa kwato. Kipande chenyewe kilikuwa chekundu, kimejaa maji. Kanga akakitazama. Ulimi wake ulikuwa umegeuka kipande cha gome. Akadonoa mara moja. Akadonoa tena. Akala kikaisha.

Hakuambiwa anyamaze. Angeambiwa, pengine angekataa, akapiga kelele, tungekuwa na hadithi nyingine. Hakuambiwa chochote. Alipangusa mdomo wake mchangani, huku na huku, akarudi kikaoni akakaa mahali pake.

Jua likasimama kichwani. Ndama wa swala wakaanza kulia. Punda milia mzee akalala ubavu. Sasa wanyama wakageuka, na hawakumgeukia Nyati, maana Nyati alikuwa amekaa ametulia na hekima yake. Walimgeukia Bi Ngiri. Wakamwambia tunakufa hapa kwa sababu ya shimo lako. Mama Swala, mpole kuliko wote, alimwonyesha ndama wake na kumuuliza kama nyumba yake ina thamani kuliko roho ya huyu. Mwingine akasema ubinafsi umeanza lini katika mbuga yetu. Hondohondo akasema kutoka juu kwamba amewahi kuona hali kama hii kule kwa nyani.

Bi Ngiri alikuwa ananyonyesha. Watoto wake walivuta, wakavuta, hakikutoka kitu. Akamtazama Nyati, akaona pua yake imelowa. Akashangaa pua ile inapata wapi unyevu. Akamtazama shoga yake.

Kumbukeni hapo. Neno moja la Kanga lingetosha. Angesema tu, nendeni nyuma ya kichaka. Angesema hivyo, kikao kingevunjika, na wenye aibu wangekuwa wengine.

Nyati akauliza, taratibu, "Neno ni moja?"

"Ni moja," akasema Kanga, akitazama miguu yake.

Bi Ngiri akatazama watoto wake, akatazama maji.

"Ni moja," akasema.

Chubwi, chubwi, chubwi. Wanyama wakaingia majini. Hondohondo akapiga mabawa, akasema mmeona uzuri wetu, hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Bi Ngiri alikunywa pia. Kiu haijui kununa.

Alipomaliza kunywa, akauliza atakaa wapi na watoto. Nyati akasema swali zuri, mama. Hondohondo akalijibu. Watoto wale, akasema, tangu leo si wa Bi Ngiri peke yake. Ni watoto wa Mavumo. Mbuga nzima itawalinda. Kila mnyama ni mama yao, kila mnyama ni baba yao. Wanyama wakaitikia kwa sauti nzito, na wengine walitokwa na machozi kwa namna walivyokuwa wema.

Kesho yake wakabomoa ukingo. Hilo nalo lilikuwa na mila yake. Kila mmoja apige teke moja, ili kazi iwe ya wote. Nyati akapiga, gubu. Punda milia akapiga, gubu. Mama Swala akapiga kidogo, tik. Kanga akakwaruza kwa kucha. Mwisho wakamwita Bi Ngiri, wakamngoja. Akapiga teke nyumba yake. Udongo ukalainika, maji yakasukuma, chwaaa, ukingo ukaenda.

Matope yalikuwa mazuri. Sitawadanganya. Bwawa halikukauka, mbingu hazikukasirika, hakuna nyati aliyezama. Majani yakaota uwandani, ndama wa swala wakanenepa, ndege wakala wadudu. Mambo yalikwenda kama alivyosema Nyati, kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Bi Ngiri alilala mahali pa wazi, mgongo kwenye mwamba, watoto kati ya miguu yake. Meno yake yaliangalia upande mmoja, na fisi ana pande zote. Jioni ya kwanza Punda milia alikaa karibu. Jioni ya pili Punda milia alidhani leo ni zamu ya Swala. Swala alidhani akina Nyati wapo. Akina Nyati walikuwa matopeni, wakidhani kwamba mbuga nzima haiwezi kushindwa kulinda vitoto vya ngiri. Mbuga nzima ilikuwa inalinda. Hapakuwa na mtu.

Fisi akachukua mmoja. Baada ya siku chache akarudi. Akarudi tena, mpaka hapakuwa na cha kurudia.

Walikuja wote kuomboleza. Walisema msiba ni wetu sote. Hondohondo alitoa hotuba, ikawa ndefu mpaka kivuli cha mti kikahama. Aliwataja watoto wale kama watoto wa Mavumo, na hakumtaja fisi, wala matope, wala jioni hata moja. Kanga alikaa nyuma na vifaranga wake chini ya mbawa. Alipoondoka hakuaga.

Siku zikapita. Bi Ngiri akaanza kuzunguka.

Akaenda kwa Mama Swala. Akauliza kwa adabu, mwenzangu, nani alibomoa nyumba yangu? Mama Swala akasema, tuliamua sote, dada yangu. Akaenda kwa Punda milia. Nani aliacha watoto wangu? Punda milia akasema, tulikuwa tunawalinda sote. Akaenda kwa Nyati, akamkuta amejitandaza matopeni, kichwa tu nje. Nyati akamkumbusha kwa upole.

"Ulisema mwenyewe ni moja, mama. Tulikusikia sote."

"Huyo Sote," akasema Bi Ngiri, "anakaa wapi? Nataka nikamwone."

Nyati akacheka kidogo, akadhani ni uchungu unaomfanya aseme hovyo. Kisha akaacha kucheka, kwa maana Bi Ngiri alikuwa bado amesimama, anangoja aelekezwe njia.

Kwa Kanga hakwenda. Alipita mbali, wakatazamana, akapita.

Ukafika msimu wa kiangazi. Likatokea jambo dogo. Njia ya kwenda malishoni ilikuwa imejaa miiba, na wanyama wakataka kupita upande wa pili wa kichuguu. Jambo la kumaliza kabla umande haujakauka. Wakakaa asubuhi, koo kavu. Nyati akauliza huku ameshaanza kuinuka, "Neno ni moja?"

"Ni moja, ni moja, ni moja."

"Bado," akasema Bi Ngiri.

Wakamgeukia. Wakamuuliza kama ana neno kuhusu njia. Akasema hana. Njia ni nzuri. Wakamuuliza basi anataka nini.

"Nangoja mtu aniambie alichonifanyia. Mmoja. Aseme mimi."

Nyati akakaa chini.

Mwanzoni walidhani atachoka. Jua likapanda. Akina Nyati wakatazama nyuma ya kichaka, lakini kiangazi kilikuwa kimekula matikiti yote, yamebaki mashina makavu tu yaliyotambaa. Inzi wakaja. Zzz. Matope yalikuwa palepale, ila mtu akiwa kikaoni hagaagai. Nyati akaanza kuhema. Mwili mkubwa, kiu kubwa, kama wazee walivyopanga.

Hondohondo alishuka kutoka mtini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akasema, mama yetu, tumeelewa. Kwa niaba ya Mavumo nzima, tunasikitika. Makosa yalitendeka.

"Yalitendeka na nani?" akauliza Bi Ngiri.

Hondohondo akafikiri. Akasema ni vigumu kumtenga mmoja na wenzake, na kwamba katika fikra zetu sisi, mtu ni watu.

"Bado," akasema Bi Ngiri.

Mmoja wa wadogo zake Nyati akasema kwa hasira kwamba huyu ni mmoja na sisi ni wengi, tuhesabu vichwa tuondoke. Wote wakamtazama Hondohondo. Na Hondohondo, ambaye miaka yote alikuwa amewacheka nyani kwa jambo hilohilo, akafungua mdomo wake mkubwa, akaufunga. Walikuwa wamejisifu mno. Hawakuweza kutoka.

Wakajaribu kumlilia. Mama Swala akamleta ndama wake tena, kama siku ile. Bi Ngiri akamtazama yule ndama kwa muda mrefu. Akamlamba kichwani. Akasema, hata huyu, mama yake akisema, atakunywa sasa hivi. Mama Swala akafungua mdomo aseme mimi, na lililotoka likawa, sisi hatukujua. Bi Ngiri akatikisa kichwa.

Nami nitalitoa funzo hapa hapa, nisilikokote mpaka mwisho, maana nikifika mwisho sitakuwa na la kuongeza. Sikilizeni, na wewe wa mlangoni sikiliza. Makubaliano ambayo wengine wameyangoja wameshiba na wengine wameyangoja na kiu si makubaliano, hata yakiitikiwa kwa sauti tamu namna gani. Na umoja ni kitu chema, lakini hauna mkono wa kubomolea nyumba, wala hauna kinywa cha kuombea radhi. Vitu hivyo anavyo mtu mmoja mmoja. Kila penye neno la wote, aliyelisema ni fulani, na fulani, na fulani, na wewe. Watu wasioweza kusema mimi nilifanya, hao wakisema sisi wanajificha tu.

Basi. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Punda milia mzee alikuwa amelala ubavu na safari hii hakuinua shingo alipoitwa. Nyati alikuwa ametoa ulimi, na macho yake yalikuwa yameganda kwenye maji. Alikuwa akisema kitu, midomo ikicheza, na waliokuwa karibu walisikia ni nini. Sote, sote, sote. Vifaranga wa Kanga walikuwa wameacha kulia.

Kanga akatoka chini ya kivuli chake. Alitembea mpaka katikati, tap, tap, tap, mahali ambapo ndege wa cheo chake hakusimama kamwe. Hakumtazama Nyati. Hakumtazama Hondohondo. Bi Ngiri alipomwona anakuja, alitaka kugeuza uso, kisha akauacha hapo.

Kanga akafungua mdomo, na wanyama wote wa Mavumo wakamsikia, na hadithi yangu naifunga hapo alipofungua yeye.

"Mimi niliyaona matikiti nyuma ya kichaka," akasema. "Nilikula. Nikarudi nikakaa karibu yako, shoga yangu, tumbo langu lina maji, nikakuangalia unavyokauka. Nikasema ni moja. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi."